Kabla ya kusaini na wakala wa matunzo ya wazee nyumbani

Familia nyingi huanza kutafuta wakala zikiwa zimebanwa. Mzee ameanguka, au hospitali imesema itamruhusu kesho kutwa, au binti aliyekuwa akimhudumia usiku na mchana ameumia mgongo. Katika hali hiyo mtu hupiga namba ya kwanza anayoiona, anauliza bei ya saa moja, anasaini. Malalamiko huja baadaye: wahudumu wanabadilishwa kila mara, hakuna anayejua kama dawa za jioni zilimezwa, na Jumapili simu ya ofisi haipokelewi. Mengi ya hayo hujulikana mapema, ukiuliza kwa mpangilio.

Mtu wa kumsaidia mzee kuoga na kula unaweza kumtafuta mwenyewe, pengine kwa gharama ndogo zaidi. Anachoongeza wakala juu ya hapo ni usimamizi: kumchunguza mhudumu kabla hajaingia ndani ya nyumba, kumfundisha, kumkagua akiwa kazini, kuleta mwingine anapougua, na kuwajibika jambo likiharibika. Hatua zifuatazo zinakusaidia kujua kama usimamizi huo upo kweli au umeandikwa tu kwenye kipeperushi.

Hatua ya 1: Andika mzee anachoweza na asichoweza

Fanya hivi kabla ya kupiga simu yoyote. Wauguzi na maofisa ustawi wa jamii hutumia vipimo viwili vya zamani ambavyo hata familia inaweza kuvitumia. Cha kwanza kilichapishwa mwaka 1963 na daktari wa Marekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake. Kinapima mambo sita ya mwili: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Cha pili kilitolewa mwaka 1969 na Lawton na Brody, nacho kinaangalia shughuli za kuendesha maisha: kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kusafisha nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa utaratibu na kutunza pesa.

Chukua karatasi, andika mambo hayo yote kumi na manne, na mbele ya kila moja weka jibu: anafanya mwenyewe, anafanya akikumbushwa, anafanya akishikwa mkono, hawezi kabisa. Tofauti kati ya kukumbushwa na kushikwa mkono ni kubwa, kwa sababu ya kwanza inahitaji mtu aliye makini na ya pili inahitaji mtu aliyefundishwa kumwinua mtu mzima bila kumuumiza. Kwa kawaida uwezo wa kutunza pesa, dawa na mapishi hupungua kabla ya uwezo wa kujilisha au kujivalisha. Ukiona mzee anavaa vizuri na kula vizuri, usihitimishe kwamba anameza dawa zake sawasawa.

Kisha andika saa. Hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Mzee asiyeweza kwenda chooni peke yake hatasaidika na mhudumu wa saa tatu za asubuhi tu, kwa kuwa kibofu hakingoji zamu. Fuatilia siku kadhaa uone msaada unahitajika lini hasa: kuamka, chooni, mlo, dawa, kulala, na mara ngapi anaamka usiku. Saa hizo ndizo utakazonunua.

Mwisho wa karatasi acha nafasi ya maneno ya mzee mwenyewe. Anataka kuamka saa ngapi? Yuko radhi kuoshwa na mwanamume au mwanamke? Anazungumza lugha gani akichoka? Ni jambo gani hataki mgeni aliguse? Muulize yeye, hata kama kumbukumbu zimeanza kupungua. Watu wenye ugonjwa wa kusahau huweza kueleza wanachopenda na wanachokichukia muda mrefu baada ya kushindwa kutaja tarehe ya leo.

Hatua ya 2: Jua ni huduma ya aina gani unayoihitaji

Neno "matunzo ya nyumbani" linabeba vitu tofauti, na bei zake hazifanani. Kuna usaidizi wa maisha ya kila siku: usafi, mapishi, kufua, kumsindikiza kliniki, kukaa naye asiwe peke yake. Kuna matunzo ya mwili: kuosha, kuvalisha, kubadilisha nepi, kumgeuza kitandani, kumlisha. Na kuna huduma za kitabibu: kusafisha kidonda, kuchoma sindano, kubadilisha mpira wa mkojo, mazoezi ya viungo baada ya kiharusi, tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, kwa mgonjwa aliye katika hatua za mwisho. Hizi za mwisho ni kazi ya muuguzi au mtaalamu mwenye leseni. Mhudumu wa kawaida hatakiwi kuzifanya, hata akikuambia alishawahi.

Dawa ziko katikati, ndiyo maana huleta mvutano. Katika nchi nyingi mhudumu anaruhusiwa kumkumbusha mzee, kumfungulia chupa na kumpa maji, lakini kupanga dozi, kubadilisha kiwango au kuchoma insulini kunahitaji muuguzi au kibali maalumu. Muulize wakala kwa maneno ya wazi: mhudumu wenu atafanya nini na dawa, na hatafanya nini? Akijibu "atasimamia kila kitu" bila kufafanua, ujue bado hujapata jibu.

Usisahau pia huduma ya kumpumzisha mlezi, yaani mhudumu kuja kwa saa au siku chache ili ndugu anayemtunza mzee alale, aende zake, au atibiwe. Ninaitaja kwa msisitizo kwa sababu walezi wengi huona haya kuiomba, na mlezi akidondoka mzee hubaki bila wa kumhudumia.

Hatua ya 3: Mwajiri au dalali?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na watu wachache huliuliza. Wapo mawakala wanaowaajiri wahudumu wao: wanawalipa mshahara, wanawakatia bima, wanawafundisha, wanawatumia msimamizi. Wapo wengine ambao kazi yao ni kukukutanisha tu na mhudumu, wakachukua ada yao na kuondoka. Kuanzia hapo mwajiri ni wewe. Mshahara, likizo, bima ya ajali kazini, na mara nyingine kodi, vyote viko juu yako. Mhudumu akiteleza bafuni kwako akavunjika mkono, wewe ndiye utakayeulizwa.

Njia zote mbili ni halali pale sheria inapoziruhusu. Dalali anaweza kukufaa ikiwa una muda wa kusimamia, una ndugu anayeweza kuziba pengo mhudumu asipokuja, na unataka uhuru wa kumchagua mtu mmoja akae miaka. Lakini usilipe bei ya mwajiri ukapata huduma ya dalali. Uliza hivi: nani anasaini mkataba wa kazi na mhudumu? Nani anamlipa? Nani ana bima akiumia au akiharibu kitu? Majibu yawe kwa maandishi.

Pamoja na hilo, hakikisha wakala amesajiliwa na mamlaka inayosimamia huduma za afya au ustawi wa jamii mahali ulipo, ikiwa usajili huo unatakiwa. Palipo na ukaguzi wa serikali, ripoti za ukaguzi huwa wazi kwa umma mara nyingi. Zisome, hasa sehemu ya malalamiko.

Hatua ya 4: Maswali ya kumuuliza wakala

Zungumza na mawakala wawili au watatu, uwaulize mambo yaleyale ili uweze kulinganisha:

- Mhudumu akiugua saa kumi na mbili asubuhi, nani anakuja na baada ya muda gani?
- Je, tutamwona mhudumu kabla ya siku ya kwanza, na tukiona hatuelewani na yeye, anabadilishwaje?
- Mnathibitisha vipi utambulisho wake, kazi zake za nyuma na rekodi yake ya makosa ya jinai?
- Msimamizi anakuja nyumbani mara ngapi, na je, huja bila kutoa taarifa?
- Usiku na sikukuu nani anapokea simu: mtu anayelijua faili la mzee wetu, au mashine?
- Mafunzo ya kumwinua na kumhamisha mgonjwa hufanywa kwa vitendo au kwa kusoma tu?

Unapokutana na mhudumu mwenyewe, weka maswali ya kazi, yale ambayo cheti pekee hakitoshi kuyajibu. Muulize anamvalisha vipi shati mtu aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Aliyefundishwa atasema anaanza na mkono dhaifu, na akimvua anaanza na mkono mzima. Muulize anamlisha vipi mtu anayepaliwa. Anapaswa kusema kwamba anamkalisha wima, anampa kidogo kidogo, hamharakishi, na hamlazi mara tu baada ya kula. Nusu saa ya kubaki wima ndiyo ushauri wa kawaida. Muulize kuhusu mzee asiyeweza kujigeuza kitandani: atataja kumgeuza mara kwa mara, mara nyingi kila baada ya saa mbili au kama muuguzi alivyoelekeza, na kukagua ngozi ya makalio, nyonga na visigino kwa ajili ya vidonda vya mgandamizo. Akisema atamnyanyua mzee kwa kumshika makwapani, hajafundishwa vizuri, kwani njia hiyo huumiza mabega.

Hatua ya 5: Tathmini na mpango wa matunzo

Wakala makini hatakupangia mhudumu kwa simu. Atamtuma muuguzi au msimamizi aje nyumbani, amwone mzee akisimama na kutembea, aangalie bafu, ngazi, taa, kitanda na mazulia yanayoweza kumkwaza, aorodheshe dawa zote na magonjwa aliyo nayo. Mtazame mgeni huyo anazungumza na nani. Anayemuuliza binti maswali yote huku mzee ameketi hapohapo anakuonyesha jinsi kampuni yake inavyowachukulia wazee.

Baada ya tathmini hutoka mpango wa matunzo. Huu ni waraka muhimu kuliko mkataba, nawe udai nakala ikae nyumbani. Usikubali maneno kama "kumsaidia usafi wa mwili". Mpango mzuri unasema: ataoga bafuni siku fulani, akiwa ameketi kwenye kiti cha kuogea, mhudumu atamwosha mgongo na miguu, uso na kifua ataosha mwenyewe. Kipengele hicho cha "mwenyewe" ni cha thamani kubwa. Mhudumu mwenye haraka humfanyia mzee kila kitu kwa kuwa ni rahisi zaidi, na misuli isiyotumika hudhoofika upesi kwa wazee. Mpango useme wazi ni mambo gani mzee aachiwe afanye, hata kama yanachukua dakika ishirini.

Uwepo pia ukurasa wa dharura: nani apigiwe kwanza, hospitali ipi, mzio gani, na ishara zipi zisisubiri asubuhi. Weka humo kuchanganyikiwa kwa ghafla. Watu wengi hudhani ni uzee tu, kumbe kwa mzee inaweza kuwa dalili ya maambukizi, kwa mfano ya njia ya mkojo, au ya upungufu wa maji mwilini, au athari ya dawa mpya.

Hatua ya 6: Mkataba na pesa

Soma kwanza vifungu vinavyouma: saa za chini kabisa kwa ziara moja, bei ya usiku, wikendi na sikukuu, muda wa taarifa ukitaka kuahirisha au kuvunja, na kama utalipa mzee akilazwa hospitalini. Angalia pia kifungu kinachokukataza kumwajiri mhudumu moja kwa moja baada ya kuachana na wakala. Kipo katika mikataba mingi.

Kwa huduma ya usiku, kuna mhudumu anayekesha na kuna anayelala nyumbani kwako akiamshwa inapobidi. Bei ni tofauti, na mzee anayeamka mara nne usiku anahitaji wa kwanza. Mhudumu anayeishi ndani naye si mtu wa saa ishirini na nne. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unataka mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Ukiambiwa mtu mmoja atakesha na kushinda siku zote saba, unauziwa uchovu, na uchovu ndio chanzo cha makosa ya dawa, kuanguka na maneno makali.

Kuhusu nani atalipa, usidhani bima ya afya inatosha. Bima nyingi hugharimia uuguzi ulioagizwa na daktari kwa muda fulani, na kuiachia familia kazi za kuosha, kupika na kukaa na mzee. Zipo nchi zilizounda bima maalumu ya matunzo ya muda mrefu, kama Ujerumani mwaka 1995 na Japani mwaka 2000, ambako mtu hupimwa kiwango cha uhitaji na kupewa huduma kulingana nacho. Palipo na mfumo kama huo, omba upimwe kabla ya kusaini chochote. Mfumo huo usipokuwepo, uliza kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, kwenye mfuko wa pensheni na kwa mwajiri wa zamani wa mzee.

Hatua ya 7: Majuma ya mwanzo

Wazee wengi hukataa. Husema hawahitaji mgeni, na wana haki ya kuhisi hivyo. Ni nyumba yao na ni mwili wao. Anza na saa chache na kazi zisizogusa mwili, kama kufua au kwenda naye kutembea, halafu uongeze kadiri imani inavyokua. Siku ya kwanza awepo ndugu. Baada ya hapo ondoka, kwa sababu mhudumu na mzee hawatazoeana mtu wa tatu akiwa anawasimamia mlangoni.

Weka daftari mezani. Mhudumu aandike alichokula mzee, maji, choo, dawa na saa yake, hali ya ngozi, na jambo lolote geni. Lisome kila unapopita. Mistari inayofanana siku kumi mfululizo, "amekula vizuri, amelala vizuri", inaweza kuwa imeandikwa yote kwa mkupuo.

Mhudumu naye atendewe kwa heshima. Asiombwe kufua nguo za familia nzima au kulea wajukuu ikiwa mpango haukusema hivyo. Kila dakika inayokwenda kwingine inatoka kwa mzee, na mhudumu anayedharauliwa huondoka, halafu unaanza upya na mtu asiyejua kwamba mzee wako hapendi mlango wa chumba ufungwe.

Hatua ya 8: Pesa na dalili za unyanyasaji

Kadi ya benki na namba ya siri zisikabidhiwe kwa mhudumu, hata aliye mwema. Sheria hiyo inamlinda na yeye pia. Kwa mahitaji madogo weka kiasi kidogo cha fedha taslimu kwenye bahasha, pamoja na risiti na sahihi. Vito na hati za nyumba viondolewe kabla ya siku ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi hufanyiwa unyanyasaji wa aina fulani katika jamii ndani ya mwaka mmoja. Wanaofanya hivyo ni pamoja na ndugu, kwa hiyo usiwaangalie wahudumu peke yao. Dalili ni hizi: michubuko kwenye mikono ya juu au vifundo, kunyamaza ghafla mtu fulani anapoingia, uzito kushuka, harufu ya mkojo isiyokuwepo zamani, usingizi wa mchana usio na sababu, dawa zinazoisha kabla ya siku zake, au sahihi mpya kwenye karatasi za pesa. Mzungumzishe mzee mkiwa wawili tu. Ukiwa na hofu ya kweli, mtoe kwanza mikononi mwa mtu huyo, mpeleke akaonwe na daktari, kisha toa taarifa kwa wakala kwa maandishi na kwa mamlaka husika au polisi. Wakala akikuomba muyamalize kimyakimya, usikubali.

Kamera hutajwa sana siku hizi. Mahali pengi kumrekodi mtu bila yeye kujua ni kosa, na chumbani au bafuni inamvua mzee heshima yake. Ukiamua kuiweka, mzee akubali, mhudumu aambiwe, na iwe sebuleni.

Hatua ya 9: Pitia upya, au achana nao

Mpango wa matunzo hupitwa na wakati. Omba tathmini mpya baada ya kila anguko, kila kulazwa, kila dawa mpya yenye usingizi, na walau kila baada ya miezi michache hata kama mambo ni shwari. Mara nyingine saa zinapaswa kupungua. Mzee aliyepona nyonga hana sababu ya kuendelea kulipia mtu wa kumshika mkono.

Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwa msimamizi likiwa na tarehe na tukio, ukae ukisubiri jibu kwa siku mlizokubaliana kwenye mkataba. Wahudumu wakibadilishwa bila kukuambia, ziara zikikatwa fupi huku bili ikiwa ileile, au majibu yakichelewa kila mara, tafuta wakala mwingine kwanza, ndipo utoe taarifa ya kuondoka. Panga siku moja au mbili ambazo mhudumu wa zamani na mpya watakuwa pamoja, chukua nakala ya daftari, mpango wa matunzo na orodha ya dawa, na siku ya mwisho urudishiwe funguo zote au ubadilishe kitasa.